Taji la Umwishywa Lirudi Harusini

Kiangazi kikishaingia, kuanzia Juni hadi Agosti, Jumamosi za Kigali huwa za maharusi. Barabara ya uwanja wa ndege inajaa magari yaliyofungwa tepe nyeupe. Kwenye mahema ya Kicukiro na Gasabo, wasemaji wa familia mbili wanabishana kama mawakili, mmoja akijifanya hajui wageni wamefuata nini, mwenzake akizunguka mbuyu kwa ucheshi hadi posa itamkwe. Baada ya gusaba, yaani kuposa, inakuja gukwa, kutoa mahari. Ng'ombe wa mahari husifiwa kwa tungo za amazina y'inka, hata pale ambapo ng'ombe mwenyewe ni bahasha iliyokaa mfukoni mwa mjomba. Vikapu vya agaseke vinapita, wachezaji wa intore wanatikisa njuga za miguuni, maziwa yanamiminwa kutoka kwenye inkongoro, kile chombo cha mti. Bibi harusi anatoka akizungukwa na wasichana wenzake, vazi la umushanana limepita begani, kichwani ana ukanda wa shanga unaometameta.

Kila kitu kipo, isipokuwa kile kilichofunga ndoa.

Kwa desturi ya Rwanda ya kale, mahari yangeweza kutoka, pombe ya mtama ikanywewa, hotuba zikaisha, na msichana akabaki binti wa kwao. Aligeuka mke pale bwana harusi alipomvika kichwani taji la mmea wa porini unaotambaa, uitwao umwishywa. Leo mmea huo unaota kwenye mitaro na kingo za barabara za jiji hilohilo, na siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, hukatwa kwa panga pamoja na magugu mengine, kisha huchomwa au kutupwa bondeni. Nchi inayojivunia kufufua mila zake ina sababu ya kusimama kidogo kabla ya kuunyanyua mkono huo wenye panga.

Wataalamu wa mimea wanaufahamu umwishywa kwa jina la Momordica foetida. Ni ndugu wa karela, ile mboga chungu inayouzwa katika masoko ya pwani, na ni wa ukoo mmoja na boga, tango na tikiti. Hutambaa juu ya chochote kilicho karibu, kiwe ukuta, kichaka au mgomba uliosahauliwa, ukijishikilia kwa vikono vyembamba vinavyojisokota. Majani yake yana umbo la moyo. Maua ni meupe au ya rangi ya malai, katikati yana doa la giza, na baada yake huja matunda ya rangi ya chungwa yenye miiba laini. Yakiiva hupasuka vipande vitatu na kuonyesha mbegu zilizovikwa utando mwekundu. Ni mmea wa kupendeza macho. Pua ndiyo inayolalamika: ukiyafikicha majani mkononi, uvundo wake unakufuata hadi uoge. Schumacher, mtaalamu wa Denmark aliyeupa jina la kisayansi mwaka 1827, aliamua kuutambulisha kwa uvundo huo na kuacha maua yake.

Wenyeji wa Maziwa Makuu waliutazama kwa jicho jingine. Huu ni mmea usiokufa kirahisi. Ukatwe, ukanyagwe na ng'ombe, upigwe na jua la Julai, shina lake la chini ya ardhi hungoja mvua na kuchipua tena. Ukishika kitu hauachii. Mtu hahitaji kusoma vitabu vya mila ili aelewe kwa nini watu waliokuwa wakiishi katikati ya vichaka hivyo waliona kwamba huo ndio unaofaa kukaa juu ya kichwa cha mke mpya.

Waandishi wa mila za Rwanda wanaieleza ibada yenyewe kwa namna zinazokaribiana. Bibi harusi alipelekwa kwa akina mume akiwa amefunikwa, akisindikizwa na jamaa zake. Ndani ya nyumba, bwana harusi alichukua utambaazi wa umwishywa uliokunjwa kuwa duara, akamvika kichwani. Kisha akamnyunyizia imbazi, mchanganyiko wa maziwa uliotayarishwa kwa kazi hiyo, ambao kwa maelezo mengi aliutia kwanza kinywani mwake ndipo akampulizia. Akatamka kwamba amemuoa. Basi. Hapakuwa na kasisi, karani wala mhuri. Umwishywa na imbazi vilitajwa pamoja, na aliyevikwa na kunyunyiziwa hakuhitaji shahidi mwingine. Baada ya hapo mke mpya alikaa ndani siku kadhaa bila kuonekana na watu wala kufanya kazi, hadi sherehe ya gutwikurura ilipomtoa nje. Kigali ya leo imeibana gutwikurura hadi saa mbili za jioni ileile ya harusi, kwa sababu ukumbi hukodishwa kwa siku na hakuna anayetaka kuulipia mara mbili.

Kinachoshangaza katika mpango huo wa zamani ni bei. Rwanda ilikuwa nchi ya ng'ombe. Urafiki, utii, deni, adhabu na heshima vilipimwa kwa ng'ombe, na ndoa haikuwa tofauti: upande wa mvulana ulitoa ng'ombe wa inkwano, na upande wa msichana ukaja kurudisha baadaye ng'ombe wa indongoranyo ili undugu usimame kwa miguu yote. Lakini lilipofika tendo la kufunga ndoa yenyewe, mifugo iliwekwa kando na watu wakaenda kichakani. Mwenye kundi la mamia na mkulima asiye na hata ndama mmoja walivika wake zao taji lilelile, na hakuna mpambaji aliyeweza kulifanya la mmoja liwe ghali kuliko la mwingine. Ukilinganisha na harusi za sasa, ambazo kamati zake hukutana kwa wiki nyingi kukusanya michango kwa simu, unaona kwamba wazee walikuwa na akili ya pekee: walikiacha kilicho muhimu kuliko vyote kikae mahali ambapo fedha haifiki.

Taji jingine la Rwanda limepata bahati tofauti. Urugori, ukanda uliotengenezwa kwa ganda la bua la mtama, ulivaliwa na mwanamke aliyekwisha kuzaa. Ulikuwa alama ya umama, na mwanamke aliyeuvaa alisikilizwa kwa namna nyingine. Leo urugori unaonekana kwenye ngoma za taifa, kwenye michoro na kwenye maduka ya ufundi, na wapambaji wa maharusi wameuchanganya na ukanda wa shanga hadi wasichana ambao hawajawahi kubeba mimba wanaingia nao kanisani. Hakuna anayekasirika sana, na pengine hakuna sababu ya kukasirika, mavazi huhama. Hata hivyo matokeo yake ni kichekesho kidogo. Taji la mama limehamia kwa bibi harusi, na taji la bibi harusi limeachwa mtaroni.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko kwenye dini. Umwishywa haukuwa wa ndoa peke yake. Ulitumika pia katika kubandwa, ibada ya siri ya Ryangombe, yule mwindaji wa hadithi aliyeuawa na nyati na kuangukia chini ya umuko, mti wenye maua mekundu ambao tangu hapo ukawa mtakatifu kwa wafuasi wake. Wahutu, Watutsi na Watwa waliingizwa katika ibada hiyo bila kubaguana, jambo la kukumbukwa katika nchi yenye historia kama hii, na walioingizwa walijifunga majani ya umwishywa. Nchini Burundi kiongozi wa mizimu ya ibada hiyo huitwa Kiranga. Mmea mmoja, basi, ulivuka kutoka chumba cha maharusi hadi uwanja wa mizimu, na wenyeji hawakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Wamisionari waliuona. Mapadri wa White Fathers, wakiongozwa na Askofu Hirth, walifika kwa mfalme Musinga huko Nyanza mwaka 1900 na kufungua misheni ya kwanza Save, kusini mwa nchi. Kwao kubandwa ilikuwa kazi ya shetani, na muumini aliyekutwa kwenye ibada hiyo alinyimwa sakramenti. Musinga, ambaye hakubatizwa, aliondolewa madarakani na Wabelgiji mwaka 1931. Mwanawe Mutara Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi nzima mikononi mwa Kristo Mfalme. Katika kizazi kimoja, kile kilichokuwa kichwani mwa kila mke kikawa kitu cha kufichwa. Hakuna aliyelazimika kuupiga marufuku mmea wenyewe. Ilitosha kwamba kijana aliyetaka kufunga ndoa kanisani alijua padri angeuangalia vipi.

Hiyo ni sababu ya kihistoria, na ina uzito. Lakini haielezi kwa nini umwishywa haujarudi wakati mambo mengine yamerudi. Umuganura, sikukuu ya mavuno, ilizimwa mwaka 1925, wakoloni walipompeleka uhamishoni Burundi Gashamura, mkuu wa ibada hiyo katika baraza la mfalme. Nayo ilikuwa imejaa mambo ambayo mapadri waliyachukia. Mwaka 2011 serikali iliirudisha, na sasa Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni siku ya mapumziko, na maofisini watu wanakunywa maziwa na kula mahindi bila mtu kuogopa mizimu. Kwita izina, desturi ya kumpa mtoto jina mbele ya majirani, imefanywa tangu 2005 kuwa tamasha la kimataifa la kuwapa majina sokwe wa milimani huko Kinigi, chini ya volkano. Intore iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwezi Desemba 2024. Mwaka 2020 taasisi kadhaa za makumbusho, lugha na nyaraka ziliunganishwa kuwa Inteko y'Umuco ili urithi uwe na msimamizi mmoja. Rwanda inajua kufufua mambo inapotaka.

Angalia vilivyofufuliwa, ndipo utaona vinafanana wapi. Vinaonekana kutoka mbali, vinafaa kwenye jukwaa na kwenye kamera, na kila kimoja kina mtu anayekipigania. Intore wana vikundi vinavyokodishwa. Agaseke ina vyama vya ushirika vya wanawake. Ng'ombe wa sifa ana mshairi anayelipwa, na umushanana una mafundi na maduka. Umwishywa hauna muuzaji, hauna chama, hauna bei. Katika jiji ambalo harusi imekuwa biashara, kisichouzwa kinakosa wa kukitetea, na mpambaji anayetoa hesabu yake mezani hawezi kuandika mstari wa kitu ambacho bibi harusi angeweza kukichuma nyuma ya nyumba. Badala yake anaweka matao ya maua ya plastiki. Ni jambo la ajabu kulisema kuhusu Kigali, jiji lenye sifa duniani kwa kukataa mifuko ya plastiki tangu 2008, lakini ukumbini ndivyo mambo yalivyo. Maua hai nayo, yakiwepo, ni mawaridi. Huko Gishari, Rwamagana, shamba la Bella Flowers hulima mawaridi ya kusafirishwa Ulaya, na ni mazuri kweli. Hayajawahi kumfanya yeyote kuwa mke wa mtu.

Pwani inatoa funzo la upande wa pili. Mjini Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Unguja, harusi bila asumini haijakamilika. Asumini nayo ni mmea wa kutambaa na kukumbatia, ingawa kwao ni Asia ya kusini na ulifika na majahazi. Wanawake huuchuma ukiwa bado kichipukizi, huushona pamoja na rehani na mkadi kuwa vikuba, na jioni huviuza kwenye sinia. Bibi harusi huvivaa, kitanda chake humwagiwa maua, na nguo za wageni hunukia hadi kesho yake. Mgeni huyo kutoka Asia amedumu karne kwa karne kwa sababu kuna mikono inayomchuma kila siku na kupata riziki yake humo. Wakazi wa Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Kigali ambako Kiswahili kimekaa tangu enzi za Wajerumani, hawahitaji kufafanuliwa haya. Wanajua maana ya harusi kuwa na mmea wake. Wakati huohuo umwishywa, mwenyeji halisi wa Afrika, unapigwa panga.

Wala si lazima kufika baharini kutafuta mfano. Uganda iko umbali wa saa mbili kwa gari, na Baganda wanautumia mmea huuhuu, wanaouita bbombo, waziwazi. Mapacha wanapozaliwa, baba anakuwa Ssalongo na mama Nnalongo, majina ya heshima wanayobaki nayo maisha yote. Siku ya kuwatoa watoto kwa ngoma na nyimbo zenye maneno ambayo siku nyingine yangeleta ugomvi, wazazi na jamaa hujifunga bbombo kichwani, shingoni na kiunoni. Humo wamo Wakatoliki, Waanglikana na wengine wengi ambao Jumapili wako kwenye benchi za mbele kanisani. Wahubiri wamelaani ibada za mapacha kwa zaidi ya miaka mia, na Nnalongo bado anajifunga majani yake. Baganda hawakungoja ruhusa ya mtu, na pengine hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya Kampala na Kigali, jiji ambako watu huzoea kungoja mwongozo hata kwa jambo la nyumbani kwao.

Pingamizi la ushirikina, kwa hiyo, halina nguvu linayodhaniwa kuwa nayo. Wakristo wa Orthodox hufunga ndoa kwa kuwavika maharusi mataji vichwani, na mataji hayo kwa karne nyingi yalisukwa kwa maua na matawi. Kanisa Katoliki la Rwanda lenyewe limeingiza ngoma, makofi na mwendo wa intore kwenye Misa, vitu ambavyo wamisionari wa mwanzo wangevikimbia. Iwapo ngoma iliyokuwa ikimlilia Ryangombe imeweza kubatizwa, jani nalo halishindikani.

Pingamizi zito ni jingine, na wanaopenda mila mara nyingi hulikwepa. Kwa kuwa taji na imbazi vilikuwa na nguvu ya kufunga ndoa, vilikuwa na nguvu hiyo hata pale msichana alipokuwa hataki. Rwanda ilikuwa na guterura, kumbeba msichana kwa nguvu, na mara tendo lilipokwisha kufanyika, familia ilibaki kujadili mahari, si hiari ya binti yao. Jirani huko Ankole kulikuwa na oruhoko, ambapo kijana aliyekataliwa aliweza kutupa jogoo uani kwa akina msichana na kudai mke papo hapo, kwa sababu ukoo uliogopa mkosi wa kukataa. Ibada inayotenda kazi bila kuuliza ni hatari, na mwanamke wa Kigali anayesema hataki kurudishwa huko ana haki yote.

Lakini hapo ndipo sheria ya leo inapokuja kusaidia. Katiba ya Rwanda inatambua ndoa moja tu, ya kiraia, ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja waliokubaliana. Inafungwa mbele ya ofisa wa serikali, maharusi wakishika bendera kwa mkono mmoja na kunyanyua mwingine, na umri wa kawaida ni miaka 21. Umwishywa hauwezi tena kumfunga mtu yeyote kwa lolote. Umenyang'anywa meno yake, na kwa sababu hiyo ni salama kuurudisha. Bibi harusi aliyekwisha kuapa kwa mdomo wake ofisini anaweza kuvikwa taji hilo kwa furaha akijua kwamba halikuamua chochote badala yake. Wakipenda, wavishane wote wawili. Hakuna kitabu cha mila kitakachowakamata. Kuhusu kupuliziwa maziwa kutoka kinywani mwa bwana harusi, haifai kujidanganya: baada ya saa tatu za kupakwa rangi usoni, hakuna bibi harusi wa Kigali atakayekubali. Tayari maharusi wengi hunywa maziwa kutoka kwenye inkongoro moja. Tendo hilo likifuata papo hapo baada ya taji, litakuwa limebeba mzigo wa imbazi bila kuharibu gauni.

Hatari ya kweli iko kwingine. Ni rahisi sana kuona taji la umwishywa la plastiki likiagizwa kutoka ng'ambo, likikodishwa kwa maharusi mmoja baada ya mwingine, mshereheshaji akilitangaza kwa kipaza sauti kati ya keki na zawadi. Hapo tutakuwa tumepata kibandiko kingine cha kitamaduni na kuupoteza mmea moja kwa moja. Thamani ya jambo hili iko kwenye kwenda kuuchuma. Shangazi anayemwonyesha mpwa wake wapi unaota, jinsi ya kuukunja bila kuukata vikono, na kwa nini asishike uso kabla ya kunawa, amefanya kazi ambayo hakuna jumba la makumbusho linaloweza kuifanya, hata lile la Huye lililofunguliwa mwaka 1989 na ambalo ni miongoni mwa makumbusho bora ya ukanda huu.

Na umwishywa una faida nyingine za kuustahilisha nafasi. Wenyeji wa milima ya Usambara, Tanzania, huchuma majani yake na kuyapika kama mboga ya porini. Waganga wa asili wa Uganda na nchi za jirani huutumia kwa homa na maumivu ya tumbo. Mwaka 2005 Waako na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba dondoo la mmea huu lilipambana na vimelea vya malaria maabarani na kurefusha maisha ya panya walioambukizwa. Hiyo haimaanishi mtu aache dawa za hospitali akatafune majani. Inamaanisha tu kwamba kinachofyekwa kama gugu bado kina maswali ambayo sayansi haijamaliza kuuliza.

Shida ni kwamba mahali pake panapungua. Zamani kila boma lilizungukwa na ua wa minyaa, na umwishywa ulipanda humo bila kuhitaji mkulima. Kigali ya leo inajenga kuta za matofali na kupanda nyasi fupi zinazokatwa kila wiki. Usafi huo umeipa heshima, na hakuna anayetaka vichaka virudi mbele ya milango. Lakini zipo sehemu ambazo jiji limeamua kwa makusudi kuziacha zipumue. Bustani ya ardhioevu ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwenye takriban hekta 120 kati ya Gasabo na Kicukiro, imepandwa miti ya asili kwa maelfu na ina sehemu maalumu ya mimea ya dawa. Maharusi tayari huenda huko kupiga picha. Uzio mmoja wa minyaa wenye umwishywa juu yake, na ruhusa ya kila bibi harusi kukata utambaazi mmoja, usingeigharimu bustani hiyo kitu cha kuhesabika.

Atakayeupanda ajue jambo moja kuuhusu: mmea wa kiume na wa kike ni mbalimbali. Mmoja peke yake hutoa maua lakini hautazaa tunda hadi mwenzake aote karibu. Kwa taji yeyote kati yao anafaa, maana wazee walikunja majani, si matunda. Mbegu huota zenyewe mahali ndege walipozidondosha, kwa hiyo kazi kubwa ni ya kutofyeka. Viongozi wa vijiji vya Kigali, ambao kila umuganda huwapangia watu upande wa kulima mtaro na upande wa kukata nyasi, wanaweza kuanza mwezi ujao kwa kuwaonyesha vijana jani lenye umbo la moyo na ua jeupe lenye doa la giza katikati, na kuwaambia huo wauruke.